Shajara ya mradi: Kinoongar mkekani kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano

Mimi ni Mtaita, mzaliwa wa Voi, na kwa miaka tisa sasa nimekuwa mlezi wa watoto wadogo mjini Perth, Australia Magharibi. Chumba chetu kina watoto 22 na walezi watatu. Ardhi tunayoikalia ni ya Wanoongar, wenyeji wa pembe yote ya kusini magharibi mwa nchi hii, na hapa mjini hasa ni ya Wanoongar wa kundi la Whadjuk. Perth wenyewe wanaiita Boorloo, na mto unaoukata mji ni Derbarl Yerrigan.

Naandika kwa ajili ya walimu wa chekechea wanaosoma Kiswahili, wawe ughaibuni au nyumbani, wanaotaka watoto wao wasikie lugha ya wenye mahali. Nimeweka tarehe, pesa na makosa. Hatua za kawaida nimezipitia haraka. Makosa nimeyaeleza kwa urefu, maana ndiyo yaliyotula muda na fedha, na mwenye kufuata nyuma yangu hana haja ya kuyarudia.

5 Februari 2024 (Bunuru, majira ya joto kali)

Lengo nililojiwekea: mtoto anapotoka kwetu kwenda shule awe na maneno 30 ya Kinoongar na hadithi tatu anazoweza kuzisimulia. Kituo kimenipa dola 800.

Leo nimenunua mabango ya sanaa ya wenyeji, rangi na vijiti vya pamba vya kuchorea nukta, na didgeridoo, lile bomba refu la kupuliza, ya plastiki. Jumla dola 186. Nimechapa pia kadi 30 za picha zenye maneno niliyoyakusanya mtandaoni na kuzitia plastiki, dola 64. Watoto wamefurahi sana, wamepuliza lile bomba la plastiki asubuhi nzima.

22 Februari 2024

Karibu vyote nilivyonunua haviwahusu Wanoongar. Aliyenifungua macho ni mlezi mwenzangu ambaye mumewe ni Mnoongar. Didgeridoo ni ala ya kaskazini ya mbali, Arnhem Land na kandokando yake. Michoro ya nukta niliyoiga ni ya watu wa jangwa la katikati. Nilichokuwa nimefanya ni sawa na mtu kuchukua ngoma ya Wazulu akawafundishe watoto wa Lamu kwamba hiyo ndiyo ngoma ya kwao. Wazungu walipofika, Australia ilikuwa na lugha zaidi ya 250, na mimi nilikuwa nimezitia zote kwenye kikapu kimoja.

Vya Wanoongar ni vijiti vya kugonganisha, kylie, yaani ule ubao uliopinda wa kurusha, na booka, vazi la ngozi ya kangaruu la kujikinga na baridi na mvua ya huku kusini.

Kadi nazo zilikuwa na shida ya namna mbili. Kwanza, maneno mawili hayakuwa ya Kinoongar kabisa, yalikuwa ya lugha za upande wa Sydney. Pili, tahajia. Kangaruu mmoja nilikuwa nimemwandika yonga kwenye kadi moja na yongka kwenye nyingine, kwa sababu kila orodha niliyoiokota ina namna yake ya kuandika. Hata jina la watu wenyewe linaandikwa Noongar, Nyoongar, Nyungar, Noongah. Tofauti nyingine zinatokana na lahaja, nyingine na sikio la mzungu aliyeandika kwanza. Mgeni kama mimi hana namna ya kujua ipi ni ipi.

Nimeziondoa zote. Dola 250 zimeteketea ndani ya wiki tatu, na neno moja la hakika watoto hawajalipata.

21 Machi 2024

Nimempata mwenye lugha. Mama mkwe wa yule mwenzangu ana dada anayejulikana kwa kuwasimulia wajukuu zake, naye amekubali kuja. Huku wazee wa Kinoongar huitwa Anti na Anko hata na watu wasio wa ukoo wao, kwa hiyo mdomo wangu haukupata tabu: kwetu pia mwanamke wa umri huo ni Anti. Hapa nitamwita hivyo tu, kwa sababu hataki jina lake liandikwe.

Masharti yake tumeyaandika kurasa mbili na meneja ametia sahihi. Alipwe kama mtaalamu yeyote, dola 250 kwa kikao. Neno lolote litoke kinywani mwake kwanza ndipo sisi tulirudie. Hadithi asiyoturuhusu tusiisimulie hata akiwa hayupo. Akisema kitu kiondolewe, kiondolewe siku hiyo hiyo.

Mara mbili za kwanza alikuja akakaa tu kwenye kiti kidogo karibu na mlango, akanywa chai, akaangalia watoto. Hakudai malipo ya siku hizo. Mimi nilikuwa na ratiba mkononi na nikamuuliza kama tuanze. Akaniambia, "Bado sijawajua hawa ni akina nani." Siku ya pili alipoondoka alikuwa anajua majina 22 yote, na nani ni ndugu wa nani.

Ushauri kwa anayetaka kuiga: hesabu ziara hizo mbili kwenye mpango wako, na uzilipie hata usipodaiwa. Sisi tulikuja kuzilipia baadaye kwa njia ya mafuta ya gari na chakula, kutoka mifukoni mwetu.

22 Aprili 2024 (Djeran, joto linapungua)

Kikao cha kwanza rasmi. Anti ameanza na kaya, ambalo ni salamu na pia ni "ndiyo". Mimi mtu wa karibu na pwani nililipenda papo hapo, maana kwetu kaya ni nyumba, ni watu wa chungu kimoja. Kuaga ni boorda, yaani baadaye. Watoto wakienda nyumbani wanaitana "boorda, boorda" mpaka getini, kama vijana wa Mombasa wanavyoagana "baadaye!" Maji ni kep. Kichwa kaat, mkono maar, mguu djena. Familia ni moort, na nchi, ardhi yenyewe ya chini ya miguu, ni boodja.

Sasa kosa. Kabla Anti hajaanza vikao nilikuwa nimenunua vitufe kumi vya kurekodi sauti, dola 90, vile ambavyo mtoto akibonyeza anasikia neno. Nikajirekodi mwenyewe ili nipunguze kazi. Anti alibonyeza kimoja, akabonyeza cha pili, akanitazama.

"Hii ni lugha yangu au yako?"

Nilikuwa nasema kaati, maari, kepi. Ulimi wa Kiswahili haupendi neno liishie kwa konsonanti, unalitafutia irabu ya kukalia, kama tulivyofanya kwa benki na shati. Sikuwa najisikia kabisa. Na watoto, ambao masikio yao ni kama sponji, walikuwa tayari wameanza kusema kaati.

Tumefuta sauti yangu, Anti amerekodi zote kumi kwa muda wa dakika ishirini. Vitufe vitatu vimeshakufa kwa mchanga wa uwanjani. Vilivyobaki nimevitia kwenye mifuko ya plastiki inayofungwa, na sauti inapita bila shida.

Ila kuna sauti moja ambayo ulimi wangu uliifikia kabla ya wenzangu wote. Ngoolark ni kasuku mkubwa mweusi mwenye mkia mweupe, ambaye idadi yake inapungua, na makundi yake hupita juu ya uwanja wetu yakipiga kelele. Jina linaanza na ng' ile ile ya ng'ombe. Walezi wenzangu wanaozungumza Kiingereza hawakuweza, walisema nugulaki, gulaki, kila namna. Niliwaambia washike mwisho wa neno "sing", waushikilie hapo, halafu waendelee. Baada ya siku tatu walipata. Mtoto wetu mmoja ambaye nyumbani kwao wanasema Kirundi alilitamka mara ya kwanza bila kufundishwa, na Anti akampa mkono.

13 Mei 2024

Wimbo umeshindikana. Nilitaka kuchukua ule wimbo wa kugusa kichwa, mabega, magoti na vidole ambao kila mtoto anaujua, nibadilishe maneno. Kaat ni silabi moja. Goti, boonitj, ni mbili. Muziki unadai nyingine. Ili zitoshe nilikuwa navuta irabu mpya mwishoni, yaani nimerudia kosa lile lile la Aprili kwa mlango wa nyuma.

Tumeacha tuni ya kigeni. Anti anagonganisha vijiti viwili, anataja kiungo, watoto wanagusa na kurudia kwa mwendo wa vijiti. Vijiti tumevipata bure kwa fundi seremala, vipande vya mbao ya mti wa jarrah vilivyobaki, nami nimevipiga msasa. Jarrah yenyewe ni neno la Kinoongar lililoingia Kiingereza, sawa na quokka, yule mnyama mdogo mwenye uso wa tabasamu wa kisiwa cha Rottnest. Siku hiyo nilitandika ramani mkekani, tukatafuta majina yanayoishia na -up: Joondalup, Karrinyup, Manjimup, Nannup. Anti akaeleza kwamba -up ni "mahali pa". Nikaona Mbuyuni, Mwembeni, Mnazini. Nikawaambia watoto kwamba kwetu nasi tunafanya hivyo hivyo, ila mkia wetu ni -ni. Kwa wiki nzima walipachika -up kila kitu: chooni, bustanini, kwenye sanduku la mchanga.

27 Mei 2024

Leo imeanza Wiki ya Maridhiano kati ya wenyeji na Waaustralia wengine, ambayo kila mwaka ni tarehe 27 Mei hadi 3 Juni. Wazazi walialikwa, nami nikapangiwa kufungua. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika kwamba ninawakaribisha wote katika nchi ya Wanoongar.

Anti aliisoma kabla hatujaanza, akaninong'oneza kwamba kukaribisha ni kwa mwenye nyumba. Mgeni anaweza kuitambua nchi ni ya nani na kuwashukuru wenyewe, basi. Nikafuta mstari. Yeye akasimama akakaribisha. Mtu aliyelelewa kupiga hodi angepaswa kulijua hilo bila kuambiwa, na hadi sasa linanichoma.

Baadaye, watoto wakiwa wamelala, alinieleza kwa nini lugha yake ina mapengo. Sheria ya mwaka 1905 ilimfanya afisa mmoja wa serikali kuwa mlezi wa kisheria wa watoto wa wenyeji katika jimbo zima. Watoto walichukuliwa kwa wazazi wao, wengine wakapelekwa Moore River, makazi yaliyofunguliwa 1918 kaskazini mwa Perth, wakalazwa mabwenini, wakakatazwa kusema lugha yao. Kuanzia 1927 hadi 1954 katikati ya mji huu Mnoongar hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Mama yake Anti alikuwa akisema Kinoongar kwa kunong'ona, usiku, taa ikiwa imezimwa, ili watoto wasikiseme barabarani wakachukuliwa.

Mimi nimesoma shule ambayo aliyenaswa akisema Kidawida, lugha yetu Wataita, alivishwa kibao shingoni mpaka amnase mwenzake. Niliwahi kukaa na kile kibao kuanzia asubuhi hadi kengele ya mwisho. Hakuna aliyekuja kunichukua kwa mama yangu, silinganishi. Lakini nilipomsikia Anti nilielewa kwa nini shingo yangu ilikuwa na joto.

1 Julai 2024 (Makuru, mvua na baridi)

Hadithi ya kwanza: Koolbardi na Wardong. Wardong ni kunguru mweusi tititi. Koolbardi ukimwona ungesema ni kunguru wa kwetu mwenye fulana nyeupe, ila ana sauti tamu kama filimbi. Hadithi hii inajulikana sana miongoni mwa Wanoongar na husimuliwa kwa namna nyingi. Mwaka 2021 ilifanyiwa hata opera hapa Perth, ikaimbwa kwa Kinoongar. Kwa ufupi, ndege hawa wawili walikuwa weupe wote, wakaoneana wivu, wakagombana, na mwisho wa ugomvi mmoja akabaki na weupe nusu na mwingine hakubaki nao kabisa. Namna anavyoisimulia Anti ni ya ukoo wake, siiandiki hapa.

Nilichokosea ni kumpangia asome. Nilitengeneza kitabu kikubwa cha picha kwa karatasi tulizokuwa nazo, nikakiweka kwenye kinara, nikamwomba afungue kurasa. Alisoma kwa heshima. Watoto walitazama picha, hawakumtazama yeye. Dakika ya nne wawili walikuwa wanavutana viatu.

Kikao kilichofuata hakukuwa na kitabu. Nilishona wanasesere wawili wa mkono kwa kitambaa na sufu, dola 72, nikavaa mimi, yeye akakaa mkekani na kusimulia kwa mdomo. Kila wardong anapotokea watoto wanamwita kwa sauti. Kila koolbardi anapojisifu wanapiga vijiti. Ni kama vile bibi zetu walivyotutaka tuitikie, la sivyo hadithi haiendi. Dakika kumi na tano hakuna aliyesogea.

Maneno ya Kinoongar yaliyomo ndani ya hadithi hatukuyatafsiri papo kwa papo. Hili lilikuwa agizo la Anti, nami nilikuwa na wasiwasi nalo. Alikuwa sahihi. Mtoto anayeona kunguru mkononi mwangu hahitaji kuambiwa wardong ni nini.

9 Julai 2024

Kosa zito kuliko yote ya mwaka huu.

Kile kikao kizuri nilikirekodi kwa simu, na jioni nikakituma kwenye programu ambayo wazazi hupokelea picha za watoto wao. Nilitaka waone. Asubuhi mzazi mmoja alikuwa ameshaituma kwingine, na mpwa wa Anti akaiona kwenye simu ya mtu asiyemfahamu.

Anti hakupiga kelele. Alikuja, akakaa, akasema, "Nilikupa wewe na watoto. Sikuupa ulimwengu." Sauti yake na hadithi ya ukoo wake vilikuwa vimetoka mikononi mwake kwa mara nyingine, na safari hii aliyevitoa ni mimi niliyemwita. Watu wake wamerekodiwa, wamepigwa picha na kuandikwa na wageni kwa miaka mingi, na mengi ya hayo yalibaki katika madaftari yaliyo mbali nao. Kazi ya mwandishi Kim Scott na wenzake wa mradi wa Wirlomin, kule pwani ya kusini, imekuwa kurudisha hadithi zilizoandikwa na mtaalamu wa lugha kutoka Marekani karibu na 1931, kwanza kwa familia zenyewe, ndipo kwa wengine. Nilikuwa najua habari hiyo, na bado nilibonyeza "tuma".

Tulichofanya: video imefutwa kwenye programu, meneja amempigia kila mzazi mmoja mmoja aifute kwenye simu yake, nimekwenda nyumbani kwa Anti na mwenzangu kuomba radhi mbele ya dada yake. Mkataba umeongezwa ukurasa wa tatu. Hakuna simu wakati wa hadithi. Sauti iliyorekodiwa kwa idhini inakaa kwenye kifaa kimoja kituoni, na ni mali yake. Siku akiitaka anakabidhiwa, kwetu haibaki nakala.

Alirudi baada ya wiki mbili. Sikuwa na hakika kwamba angerudi.

Agosti 2024

Vikao vitatu havikufanyika. Anti alifiwa, na msiba wa Wanoongar, kama wetu, ni wa watu wote wa ukoo na hauna haraka. Wenzangu walipendekeza tusimulie Koolbardi na Wardong wenyewe ili watoto wasisahau. Tulimuuliza kwanza kupitia dada yake. Jibu lilikuwa: wanasesere wacheze, maneno yarudiwe, hadithi ingojee. Tukangoja.

2 Septemba 2024 (Djilba, mvua na jua kwa zamu)

Majira ya Wanoongar ni sita: Birak, Bunuru, Djeran, Makuru, Djilba, Kambarang. Nilitengeneza gurudumu la mbao lenye mshale, dola 45, na kila kipande nikakiandikia miezi miwili. Tarehe 1 Agosti nilisogeza mshale kwenda Djilba. Nje mvua ilikuwa inamwagika vile vile, mabuti ya watoto yamejaa maji. Msichana wa miaka minne akaniambia, "Bado ni Makuru. Angalia."

Anti aliporudi akacheka na kumuunga mkono mtoto. Miezi ni makadirio tu. Majira yanajulikana kwa macho. Nahodha wa dhau pwani kwetu hakuhitaji tarehe kujua kusi imeingia. Nimefuta miezi yote kwa msasa. Sasa mshale unasogezwa na watoto, na lazima waseme wameona nini. Leo wamesogeza kwenda Djilba kwa ushahidi wa maua ya manjano kwenye miti ya jamii ya migunga iliyo nyuma ya ua, na koolbardi mmoja aliyemshukia mtu wa posta kichwani kwa kulinda kiota chake.

Ikiwa utaiga jambo moja tu katika shajara hii, iga gurudumu hili.

14 Oktoba 2024 (Kambarang)

Hadithi ya pili ni fupi, karibu ni onyo. Djiti-djiti ni ndege mdogo mweusi mwenye tumbo jeupe, anayetikisa mkia huku na huku na kumkaribia mtu bila woga. Wanoongar huwaambia watoto wasimfuate, maana atawavuta kidogo kidogo hadi porini wapotee. Siku hiyo hiyo djiti-djiti alitua kwenye ukuta wa uwanja, na watoto 22 wakarudi nyuma hatua tatu kwa pamoja. Zimwi wa utotoni mwangu alikuwa na kazi hiyo hiyo, ila yeye hakuwahi kutua ukutani nikamwona.

Mzazi mmoja aliuliza kwa nini mtoto wake asifundishwe Kichina, ambacho kitamfaa kazini. Sikumjibu kwa hasira. Nilimwambia kwamba sheria ya jimbo letu ya mwaka 2016 ya kuwatambua Wanoongar imebeba maneno yao matatu kwenye jina lake: Koorah, Nitja, Boordahwan, yaani zamani, sasa, baadaye. Mtoto wake anasema boorda kila jioni. Nikamwomba aje kikao kimoja. Alikuja, akakaa nyuma, akarudi tena safari nyingine na bibi wa mtoto.

9 Desemba 2024 (Birak)

Karibu na uzio wetu kuna moodjar, mti ambao kiangazi kinapoanza huwaka maua ya rangi ya chungwa kama moto. Asubuhi nilikata tawi nikaliweka kwenye chupa mezani kwa heshima ya Anti, kwa kuwa ni kikao cha mwisho cha mwaka.

Alisimama mlangoni, hakuingia. Moodjar haukatwi. Roho za waliokufa hupumzika kwenye matawi yake kabla ya safari yao ya kuvuka bahari upande wa magharibi. Naye alikuwa ametoka msibani miezi minne iliyopita.

Nilitoa tawi. Tulikwenda wote, watoto wakiwa wameshikana mikono wawili wawili, akaliweka chini ya shina na kusema maneno kwa sauti ya chini ambayo hakututafsiria. Kisha akaketi kivulini na kutuambia tukae. Kikao kile hakikuwa na kadi, wanasesere wala vijiti. Mtoto mmoja alimuuliza kama babu yake aliyefariki Burundi anaweza kupumzika pale. Anti alifikiri, akasema safari ni ndefu, ila kivuli kipo.

Kizuizi cha kosa hili ni rahisi, nami nimekiandika ukutani pa ofisi: usichume, usikate, usiokote chochote cha boodja kabla ya kuuliza.

18 Desemba 2024

Hesabu za mwaka. Vikao 14 vya Anti, dola 3,500. Vifaa vya Februari vilivyotupwa pamoja na kadi, 250, ambazo ni kikao kizima cha Anti. Vitufe 90. Wanasesere 72. Gurudumu 45. Kadi mpya kwa tahajia aliyoichagua yeye, 38. Jumla dola 3,995. Kituo kilitoa 800, ruzuku ndogo ya halmashauri 3,000, na zile 195 tulizipata kwa kuuza maandazi na keki siku mbili getini.

Maneno 30 hayakufikiwa. Kwa wiki mbili niliandika ni maneno gani mtoto anayasema bila kuulizwa. Wengi wana 11 au 12, watatu wana manne. Yaliyoshika ni yale yenye kazi: kep mtoto akiona kiu, maar kabla ya kunawa, boorda jioni, djiti-djiti anapotua. Kadi mpya zimekaa rafuni, hakuna neno hata moja ambalo naweza kusema lilitoka kwenye kadi. Hadithi ni mbili badala ya tatu.

Mwakani kadi hazinunuliwi. Pesa hizo zinaingia kwenye vikao.

10 Februari 2025 (Bunuru)

Watoto tisa wapya. Mmoja wa wakubwa waliobaki alimsikia mgeni akisema kaati, maana bado hunitoka nikichoka. Alimshika kichwa kwa mikono miwili akamwambia, "Kaat. Funga mdomo hapo."

Anti amesema hadithi ya tatu ni ya Waugal, nyoka mkubwa aliyeufanya mto, na haisimuliwi ndani ya chumba. Ataisimulia ukingoni mwa Derbarl Yerrigan, naye atakuja na dada yake. Basi la kukodi ni dola 420, wazazi sita wamekubali kufuatana nasi, na fomu za ruhusa zimerudi 17 kati ya 22. Tunaondoka tarehe 24 saa tatu na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Simu zote zinabaki kituoni isipokuwa ile ya dharura.